MWEZI SI WA KUANDAMA TU: Historia ya Elimu ya Mwezi na Zamu ya Vijana wa Kaskazini Mashariki



Sifa zote njema anastahiki Allah (SWT), Aliyeumba jua na mwezi na kuvipangia njia zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, Ramadhan inaingia kwa mwezi na inatoka kwa mwezi. Jioni ya tarehe 29 Shaaban, nenda pale Garissa mjini ukaone. Watu wamesimama wameelekea magharibi, upande wa mto Tana na Madogo, kila mmoja anautafuta. Mtoto wa duksi yuko, mzee mwenye bakora yuko, mwenye duka amefunga dakika tano. Ukionekana, mara nyingi huku kwetu karibu na ikweta huwa umelala chali kama bakuli, tofauti na vile unavyochorwa kwenye bendera. Basi simu zinaanza kulia, "umeonekana, umeonekana," na watu wanaondoka kwenda tarawehe.

Sasa hebu tuulizane. Baada ya kuuona, tunajua nini zaidi kuhusu huo mwezi? Mataifa makubwa yanashindana kurudi huko, na safari hii hayaendi kusimika bendera na kurudi nyumbani. Yanaenda kutafuta maji. Je, sisi ambao ibada yetu imefungamana na mwezi kuliko watu wengi, tutakuwa wapi? Makala haya yanakupitisha kwenye historia kidogo, ili uone kwamba elimu ya mwezi haikuwa ngeni kwetu hata siku moja.

WAFUGAJI WALIOSOMA ANGA

Tuanzie nyumbani. Mswahili husema "mwezi" kwa vyote viwili, ule wa juu na zile siku 29 au 30. Msomali anatenganisha: wa juu ni dayax, wa kuhesabu ni bil. Hata Ramadhan ana jina lake, Soon, na unaofuata ni Soonfur, yaani kufungua saumu. Mfugaji wa Kisomali alitazama vile mwezi unavyopita kwenye vituo vyake kati ya nyota, akapanga lini ahamishe ngamia kabla ya mvua za gu na dayr. Elimu hii ilikuwa ya mdomo mpaka msomi Musa Galaal alipoikusanya na kuitoa kwa kitabu Mogadishu mwaka 1968.

Ndugu zetu Waborana nao, ambao lugha yao inazungumzwa mpaka Wajir Kaskazini kwa Waajuran, wana kalenda ambayo imewashangaza maprofesa. Ina miezi 12 na majina 27 ya siku. Wataalamu wao, wanaoitwa ayantu, hawaangalii kuandama peke yake, bali wanaangalia mwezi umekutana na nyota gani katika makundi 7 wanayoyafuata. Moja ya hayo ni Busan, ambalo Waswahili wanaliita Kilimia. Msomi wa Eritrea, Asmarom Legesse, aliandika juu ya kalenda hiyo mwaka 1973, na tangu wakati huo inatajwa katika vitabu vya historia ya elimu ya nyota duniani.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema watu wa Kaskazini Mashariki na sayansi ni vitu viwili mbalimbali, mwambie babu yake mchungaji alikuwa anapiga hesabu za mwezi bila kalamu.

MIJI MIWILI, MWEZI MMOJA

Qur'ani inatufundisha katika Suratul Baqara aya ya 189 na Surat Yunus aya ya 5 kwamba mwezi umewekwa ili watu wajue nyakati na hesabu. Wanavyuoni wetu hawakuzisoma aya hizi wakakaa. Walitoka nje wakapima.

Tarehe 24 Mei mwaka 997 mwezi ulipatwa. Kijana mmoja, Abu Rayhan al-Biruni, alikuwa mji wa Kath huko Khwarazm, Asia ya Kati. Alikuwa na miaka 23 tu, umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa amekubaliana na mzee wa hisabati, Abul Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja ataandika saa ya mji wake wakati mwezi unapatwa. Mwezi unapoingia kivulini, wote wanaouona wanaona kwa wakati ule ule. Ikiwa saa za miji miwili zinatofautiana, basi tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mji mmoja uko mashariki ya mwingine kwa kiasi gani. Walipata tofauti ya karibu saa moja, na kwa saa hiyo wakapima sehemu ya mzunguko wa dunia. Hakuna setilaiti, hakuna simu, ni akili na uaminifu wa watu wawili.

Karne tatu na zaidi baadaye, katika msikiti mkuu wa Damascus, kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuweka nyakati za swala. Jina lake Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375. Alitengeneza hesabu mpya ya mwendo wa mwezi kwa sababu ile ya Wayunani iliufanya mwezi uwe unakaribia sana na kwenda mbali sana, kitu ambacho macho hayaoni. Baada ya karne mbili hivi Copernicus huko Ulaya alitumia hesabu ya mwezi iliyo sawa na ile. Fikiria, ndugu msomaji: mtu wa msikitini, kazi yake ni adhana na kibla, na hesabu yake ndiyo hiyo.

Ndiyo maana ukichukua ramani ya mwezi leo utakuta majina ya Waislamu yameandikwa kwenye mashimo yake makubwa. Kuna Albategnius, ambaye ni al-Battani, shimo lenye upana unaozidi kilomita 100. Kuna Alhazen, ambaye ni Ibn al-Haytham. Kuna Azophi, ambaye ni Abdulrahman al-Sufi. Na kuna moja ambalo limetukaribia sana sisi: Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mogadishu mwaka 1331, akalala Mombasa, akaendelea mpaka Kilwa. Mtu aliyepita ufuo wetu ana jina lake mwezini.

BINADAMU AFIKA MWEZINI

Septemba 1959 chombo cha Urusi ya Kisovieti, Luna 2, kilikuwa cha kwanza kugonga uso wa mwezi. Mwezi uliofuata Luna 3 ikapiga picha upande wa nyuma, ambao hakuna jicho la mwanadamu lililokuwa limeuona. Kisha Wamarekani wakawashinda kwa kupeleka watu. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua. Mpaka Desemba 1972 watu 12 walikuwa wamekanyaga huko, wakarudi na mawe na mchanga wa kilo 382.

Mwislamu alikuwemo katika kazi hiyo. Mwanajiolojia wa Misri, Farouk El-Baz, alikuwa miongoni mwa waliochagua mahali pa kutua, na ndiye aliyewafundisha wanaanga namna ya kuusoma uso wa mwezi kutoka juu.

Hapa nikuombe jambo moja. Kuna hadithi imezunguka misikitini na kwenye kanda za mawaidha miaka mingi, ati Armstrong alisikia adhana mwezini kisha akasilimu. Si kweli. Armstrong mwenyewe aliikanusha, na alifariki mwaka 2012 bila kuikubali. Allah (SWT) ametuamrisha katika Suratul Hujurat aya ya 6 tuhakikishe habari kabla ya kuisambaza. Mtume (SAW) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa siku ile, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Mtume (SAW), akiwa na huzuni ya mtoto, aliwakataza na kuwafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Kama yeye hakukubali dini itetewe kwa kitu kisicho cha kweli, sisi ni nani?

Na wakati ulimwengu unatazama mwezi mwaka 1969, sisi tulikuwa wapi? Mkoa wetu ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizowekwa Desemba 1963, vita vya shifta vilipoanza. Vita vilimalizwa kwa mapatano mwaka 1967, lakini sheria zile hazikuondolewa mpaka 1991. Juu ya hapo, sera ya serikali ya mwaka 1965 ilisema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye sehemu zenye rutuba na mvua. Kwetu hakuna rutuba hiyo, kwa hivyo shule zilichelewa, maabara zikachelewa zaidi. Haya si ya kulalamikia leo, ni ya kujua, ili mtu akiona mtoto wa Wajir amebaki nyuma kwenye fizikia asidhani ni akili yake.

WALIPATA FAIDA GANI?

Wengine watauliza: pesa zote hizo, mawe tu? Ngoja nikuhesabie.

Kwanza, mawe yale yalionyesha umri wa mwezi, kama miaka bilioni 4.5, na yakawapa wataalamu sababu ya kuamini kwamba mwezi ulitokana na kitu kikubwa kilichogonga dunia ilipokuwa changa. Dunia yetu ina mvua, upepo na mito, hivyo kurasa zake za mwanzo zimefutika. Mwezi hauna hewa wala mto. Kurasa zake ziko vile vile, na anayetaka kujua utoto wa dunia anausoma kule.

Pili, wanaanga waliacha vioo maalumu. Mpaka leo wataalamu wanapiga mwale wa leza kutoka duniani, unagonga kioo na kurudi, na kwa muda huo wanapima umbali. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mwezi unatuondokea sentimita 3.8 kila mwaka. Subhanallah, kitu kilicho mbali kama kilomita 384,000 kinapimwa kwa upana wa vidole viwili.

Tatu, upande wa nyuma wa mwezi hausikii kelele za redio na simu zetu, maana mwezi wenyewe umeziba. China ilitua huko Januari 2019, ya kwanza duniani, na Juni 2024 ikaleta kutoka huko mchanga wa karibu kilo 2. Wataalamu wanatamani kuweka darubini za redio upande huo ili wasikilize sauti dhaifu za ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Na nne, ambayo ndiyo kubwa, ni maji.

VISIMA VYA MWEZINI

Chombo cha India, Chandrayaan-1, kilirushwa Oktoba 2008, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kimeona dalili za maji kwenye uso wa mwezi. Oktoba 2009 Wamarekani wakaangusha kipande cha roketi makusudi ndani ya shimo linaloitwa Cabeus, karibu na ncha ya kusini, na katika vumbi lililoruka wakakuta mvuke wa maji na barafu.

Yanakaaje maji mahali pasipo na hewa? Mwezi umesimama karibu wima, haukuinama kama dunia. Kwa hiyo kwenye ncha zake kuna mashimo marefu ambayo chini yake jua halijafika kwa zaidi ya miaka bilioni. Baridi yake inapita nyuzi 200 chini ya sifuri. Barafu ikiingia humo haitoki. Ukiwa na maji una kinywaji, una oksijeni ya kupumua, na ukiyatenganisha unapata haidrojeni, mafuta ya roketi. Mwenye maji mwezini ana kituo cha kwenda mbali zaidi.

Ndiyo maana mbio zimerudi. Tarehe 23 Agosti 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini kabla ya taifa lingine lolote. Marekani, kwa mradi wake wa Artemis uliorusha chombo cha kwanza Novemba 2022, inalenga ncha hiyo hiyo. China nayo imetangaza kwamba inataka watu wake watue mwezini kabla ya 2030. Hata Falme za Kiarabu zilituma gari dogo liitwalo Rashid. Chombo cha Wajapani kilicholibeba kilianguka Aprili 2023, siku chache baada ya Idd, lakini walijaribu.

Ndugu msomaji, nani duniani anaelewa mambo ya maji kuliko sisi? Historia ya Kaskazini Mashariki ni historia ya visima. Wajir umekuwa mji kwa sababu ya visima vyake. El Wak kule Mandera maana yake ni visima vya Mungu. Watu wamepigana kwa ajili ya visima, na watu wamepatana kwa visima. Waborana wana sheria: aliyeanza kuchimba kisima anaitwa konfi na ana haki ya mbele. Kuna msimamizi wa zamu, aba herega, anayepanga mifugo ya nani inywe lini. Mgeni hanyimwi, lakini anakunywa baada ya wenye zamu.

Ukiielewa sheria hii, umeelewa siasa za mwezi. Mkataba wa kimataifa wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuufanya mwezi kuwa mali yake. Vizuri. Lakini barafu ikishachimbwa ni ya nani? Hapo wanasheria bado wanabishana. Zamu inapangwa sasa hivi, na wanaoipanga ni wale waliobeba jembe. Hatutanyimwa, pengine. Tutaambiwa tusubiri.

KENYA IKO WAPI, NA SISI JE?

Usidhani Kenya haina historia. Pale Ngomeni karibu na Malindi, baharini, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi la San Marco. Walipachagua kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko popote, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inapata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwa nyota. Ikaitwa Uhuru, maana ilikuwa siku ya Uhuru wetu. Garissa yenyewe iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta.

Kenya ikaunda Shirika la Anga za Juu mwaka 2017. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani. Na tarehe 15 Aprili 2023, tukiwa tumefunga Ramadhan ya mwaka 1444, ikarushwa Taifa-1, iliyoundwa na wahandisi wa Kenya pamoja na kampuni ya Bulgaria, kwa ajili ya kuangalia mashamba, malisho na ukame. Wakati huo kwetu misimu 5 ya mvua ilikuwa imefeli mfululizo na mizoga imelala barabarani. Nani alihitaji elimu hiyo kuliko sisi?

Lakini hesabu ya kusoma picha za setilaiti inaanza kwa mwalimu wa hisabati. Novemba 2014 basi kutoka Mandera lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe. Kila mara walimu waliotoka sehemu nyingine za Kenya waliondoka, na nani angewalaumu? Watoto wakabaki na darasa bila mwalimu wa fizikia. Wauaji wale walijiita watetezi wa dini. Wallahi, aliyemuua mwalimu amemzuilia mtoto wa Kiislamu elimu ambayo al-Biruni alikesha usiku kuitafuta.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Kufunguliwa huko ni jibu, na jibu litakamilika wakitoka huko walimu wa sayansi wa kwetu wenyewe.

JE, ELIMU HII INAGONGANA NA IBADA?

Kila mwaka tunagawanyika. Mmoja anasubiri tangazo la Kadhi Mkuu, mwingine anafuata Makka, mwingine amepigiwa na jamaa zake ng'ambo ya mpaka. Nyumba moja, baba amefunga, mtoto anakula Idd. Hukumu ya kuonekana kwa macho na hesabu tuwaachie mashekhe, mimi si mufti. Lakini jambo moja halina mgogoro: hesabu inaweza kutuambia jioni ambayo mwezi umezama kabla ya jua, na jioni hiyo mtu akisema ameuona, tumuulize kwa adabu ameona nini. Elimu hii haiondoi kuangalia kwa macho. Inamlinda anayeangalia.

Wenzetu wengine wameshakutana na maswali makubwa kuliko hayo. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alirushwa angani Juni 1985, siku za mwisho za Ramadhan. Daktari Sheikh Muszaphar wa Malaysia alirushwa Oktoba 2007, pia Ramadhan, na wanavyuoni wa nchi yake wakamwandalia mwongozo wa swala na saumu huko juu. Fiqhi haikukwama. Ilikaa ikafikiri.

NASAHA

Kwako mzazi: mtoto akikuuliza mwezi unakwenda wapi mchana, usimwambie nyamaza. Kwako maalim wa duksi: unapofika Surat Yasin aya ya 39, watoe wanafunzi nje usiku, waonyeshe vituo vya mwezi kwa siku 14 mfululizo. Haigharimu shilingi. Kwetu anga halina mawingu mengi wala taa nyingi, na hiyo ni neema ambayo watu wa Nairobi hawana. Kwako kijana wa sekondari: usikimbie fizikia kwa sababu darasa halina mwalimu. Jikusanyeni watatu, tafuteni kitabu, muulizeni aliye chuo akirudi likizo. Na sisi tulio chuo, likizo si ya kukaa barazani tu. Kila mmoja akisomesha hisabati wiki mbili katika bulla yake, tumeanza kuchimba.

Bulla Iftin pale Garissa, neno iftin maana yake ni mwangaza. Mwezi hauna mwangaza wake wenyewe, unapokea na kurudisha. Nasi tumepokea kwa wazee wetu wachungaji na kwa wanavyuoni wetu. Deni lililobaki ni kurudisha.

Ewe Mola, tukubalie funga zetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, warehemu waliouawa wakiitafuta na wakiifundisha, na utufikishe Ramadhan ijayo tukiwa na umoja.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.